Nairobi hadi New York kwa ndege: namna ya kukokotoa umbali na saa halisi za safari

Tiketi ya kutoka Nairobi kwenda New York wakati wa baridi ya kule Marekani inaweza kusomeka hivi: kuondoka 23:30, kufika 06:30. Ukitoa harakaharaka unapata saa 7. Ya kurudi inasomeka kuondoka 12:30, kufika 10:30 ya kesho yake, na kwa hesabu hiyohiyo unapata saa 22. Majibu yote mawili si kweli. Kwenda ni saa 15, kurudi ni saa 14.

Kijana mwenye afya njema anaweza kusafiri na hesabu mbovu na asidhurike. Lakini kuna mama wa miaka 70 anayekwenda kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza, kuna mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini, kuna mzazi mwenye mtoto mchanga mapajani. Hao wanastahili kujua saa za kweli kabla hawajalipa nauli. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao, na kwa yule mtu mmoja aliyeko karibu katika kila ukoo ambaye tiketi zote huletewa yeye azisome.

Nitatumia safari ya Nairobi na New York kama mfano mkuu. Kenya Airways waliianza tarehe 28 Oktoba 2018 bila kutua popote njiani, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya Kenya kupandishwa na Marekani, Februari 2017, hadi daraja la kwanza la usalama wa anga. Ni safari ndefu, inavuka saa za nchi nyingi, na ndani yake mna karibu kila kitu kinachowachanganya abiria. Ukiielewa hii, ya Dar es Salaam hadi Muscat utaisoma bila kalamu.

Hatua ya 1: Hakikisha viwanja, usiishie kwenye majina ya miji

Miji mikubwa ina viwanja zaidi ya kimoja. Ukiambiwa "New York", inaweza kuwa John F. Kennedy (JFK), LaGuardia (LGA), au Newark (EWR) ambacho kipo jimbo la New Jersey. London ina Heathrow (LHR), Gatwick (LGW), Stansted (STN) na Luton (LTN). Hata Nairobi ina viwili: Jomo Kenyatta (NBO) na Wilson (WIL), ambako hutoka ndege ndogo za mbugani na za mikoani.

Andika kwenye karatasi zile herufi tatu za kila kiwanja kilichomo kwenye tiketi yako, kwa mfuatano. Kama unaona LHR halafu LGW, maana yake unatua kiwanja kimoja na kuondokea kingine, na katikati kuna safari ya barabarani, foleni ya uhamiaji na suala la viza. Tiketi za namna hiyo huwa za bei nafuu, na unafuu wake unatokana na usumbufu huo.

Hatua ya 2: Pima umbali

Njia fupi kati ya viwanja viwili haionekani kwenye ramani bapa ya ukutani. Dunia ni mviringo, na njia fupi juu ya mviringo huitwa njia ya duara kuu. Kama nyumbani au shuleni kuna tufe la dunia, chukua uzi, bana ncha moja Nairobi na nyingine New York, kisha uvute hadi ukaze. Uzi wenyewe utajichagulia njia. Utashangaa kuona unaelekea kaskazini-magharibi tangu Nairobi: unapita Sudan Kusini, unagusa Darfur, unakata Chad, kaskazini ya Niger, Algeria na Morocco, ndipo unaingia Atlantiki. Kwenye ramani bapa mtu angechora mstari unaotokea Mauritania au Senegal, na mstari ule ulionyooka kwenye ramani ya mabaharia ungemrefushia safari kwa zaidi ya kilomita 300.

Kwa wenye intaneti, tovuti ya Great Circle Mapper inakupa jibu ukiandika NBO-JFK tu. Google Earth nayo ina rula ya kupimia. Zote zitakuambia karibu kilomita 11,840.

Ninapenda zaidi mtu ajue kuikokotoa mwenyewe, walau mara moja, kwa sababu akishafanya hivyo hatadanganywa tena na namba ya mtu yeyote. Waliosoma kidato cha nne Tanzania au Kenya watakumbuka mada ya latitudo na longitudo katika hisabati. Kule tulipima zaidi umbali wa kufuata mstari wa latitudo au wa longitudo. Hapa tunapima wa kukata moja kwa moja. Unahitaji simu tu: fungua kikokotoo, laza simu ubavu ili vitufe vya sin na cos vitokee, na uhakikishe kipo kwenye nyuzi, yaani DEG.

Kwanza tafuta mahali viwanja vilipo. Jomo Kenyatta ipo latitudo 1.319 kusini na longitudo 36.928 mashariki. JFK ipo latitudo 40.640 kaskazini na longitudo 73.779 magharibi. Kusini na magharibi huandikwa kwa alama ya kutoa. Kwa kuwa kimoja kipo mashariki na kingine magharibi, tofauti ya longitudo hupatikana kwa kujumlisha: 36.928 na 73.779 ni 110.707.

Sasa zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili. Unapata -0.0150. Iweke pembeni. Kisha zidisha cos ya latitudo ya kwanza, kwa cos ya latitudo ya pili, kwa cos ya tofauti ya longitudo. Unapata -0.2682. Jumlisha hizo mbili: -0.2832. Bonyeza kitufe cha cos⁻¹ juu ya jibu hilo na utapata nyuzi 106.45. Nyuzi moja (digrii moja) juu ya uso wa dunia ni karibu kilomita 111.2, kwa hiyo 106.45 mara 111.2 ni 11,837. Hiyo ndiyo njia fupi kutoka kiwanja hadi kiwanja. Ukitaka maili za baharini, ambazo ndizo marubani huzitumia, zidisha nyuzi hizo kwa 60: ni kama 6,387.

Kwa njia hiyohiyo nimekokotoa safari nyingine ambazo watu wetu husafiri sana. Nairobi hadi London Heathrow ni kilomita 6,840 hivi. Dar es Salaam hadi Amsterdam ni 7,345. Dar es Salaam hadi Guangzhou, njia ya wafanyabiashara wa Kariakoo ambayo Air Tanzania nayo imekuwa ikiiruka, ni 8,710. Dar es Salaam hadi Muscat ni 3,970. Nairobi hadi Dar es Salaam ni 668 tu.

Hatua ya 3: Geuza umbali kuwa saa

Ndege kubwa za masafa marefu, kama Boeing 787 inayokwenda New York, zikiwa juu hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Gawa 11,840 kwa 900 na utapata saa 13 na dakika 10. Lakini ratiba inasema saa 15. Hizo karibu saa mbili zimekwenda wapi?

Sehemu ya kwanza imeliwa chini na wakati wa kupanda. Saa za ratiba huanza kuhesabiwa ndege inaposukumwa kutoka getini, na huishia inapoegeshwa. Ndani yake mna kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, kupanga foleni, kupanda polepole hadi juu, kushuka hatua kwa hatua, na kutafuta geti upande wa pili. Haya yote huchukua muda uleule, safari iwe fupi au ndefu. Ndiyo sababu Nairobi hadi Dar es Salaam, ambayo kwa kugawa ingekuwa dakika 45, kwenye ratiba huwa saa moja na robo au zaidi kidogo.

Sehemu ya pili ni upepo, na hapa abiria wengi hawajawahi kuelezwa vizuri. Katika latitudo za kati, ambako ipo Atlantiki ya kaskazini, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma juu sana, kwenye kimo kilekile ndege zinakoruka, kutoka magharibi kwenda mashariki. Unaweza kupita kilomita 160 kwa saa, na wakati wa baridi huwa na nguvu zaidi. Ndege inayokwenda New York inakutana nao usoni, inayorudi Nairobi inasukumwa mgongoni. Haiwi hivyo njia nzima, maana kati ya Ikweta na Sahara mkondo huo haupo. Lakini chukulia kwamba kwa wastani wa safari nzima upepo unapunguza kilomita 60 kwa saa: kasi juu ya ardhi inakuwa 840, na 11,840 ukigawa kwa 840 ni saa 14 na dakika 6. Ongeza muda wa chini na wa kupanda, na saa 15 unaziona zikija zenyewe. Wakati wa kurudi, upepo ukikuongezea kilomita 40 tu, angani ni saa 12 na nusu na ushei, na ratiba ya saa 14 inabaki na nafasi ya kupumua.

Sehemu ya tatu ni kwamba ndege haifuati uzi wako kikamilifu. Hufuata njia za anga zilizopangwa, hukwepa dhoruba, na hukwepa vita. Tangu mapigano yalipoanza Sudan Aprili 2023, ndege za kimataifa zimekuwa zikilikwepa anga la nchi hiyo, na mstari wetu wa Nairobi na New York unagusa Darfur kabisa. Safari nyingi za kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zililazimika kuzunguka kwa sababu hiyo. Umbali uliokokotoa katika hatua ya pili ni mfupi kuliko wote unaowezekana. Ndege huruka huo au zaidi, kamwe si pungufu.

Kwa makadirio ya haraka ninatumia kanuni hii: gawa umbali kwa 850, kisha ongeza nusu saa. Nairobi hadi New York inatoa saa 14 na dakika 25, ambayo imekaa katikati ya kwenda na kurudi. Dar hadi Muscat inatoa saa 5 na dakika 10. Dar hadi Guangzhou inatoa saa 10 na dakika 45. Ukiona tiketi "isiyotua popote" ina muda uliozidi makadirio yako kwa saa mbili au tatu, uliza kwa nini. Mara nyingi kuna kutua ambako hakukutajwa kwa herufi kubwa.

Na hapo kuna jambo la kuangalia. Ndege yenye namba moja ya safari inaweza kutua njiani, kushusha na kupakia watu, kisha ikaendelea na namba ileile. KLM kwa miaka mingi imekuwa ikishuka Kilimanjaro kwanza kabla ya kufika Dar es Salaam, na abiria wa Dar hukaa ndani ya ndege wakisubiri. Si jambo baya, ila ni zaidi ya saa moja ambayo mtu wa kupokea anatakiwa kuijua.

Jambo jingine linalofaa kulijua kuhusu Nairobi yenyewe: kiwanja cha Jomo Kenyatta kipo mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na hewa nyepesi yenye joto huipa ndege nguvu ndogo ya kunyanyuka. Boeing 787-8 kwa karatasi ya kiwandani inaweza kuruka kilomita 13,530, lakini ikiwa imejaa mafuta ya saa 15 pamoja na abiria na mizigo, inahitaji hewa nzito kiasi ili iinuke. Usiku Nairobi ni baridi, kwa hiyo kuondoka usiku kunaisaidia. Nawe ukiambiwa uzito wa begi umepita kiasi, fahamu kwamba kwenye safari kama hii kila kilo imepigiwa hesabu.

Hatua ya 4: Soma tiketi kwa saa za mahali pamoja, si pawili

Saa zote zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika. 23:30 ni ya Nairobi, 06:30 ni ya New York. Kuzitoa moja kwa nyingine ni kutoa shilingi kwenye dola. Lazima uzigeuze ziwe za mahali pamoja kwanza.

Kenya, Tanzania na Uganda zipo saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC), mwaka mzima, bila kubadilika. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo zipo nyuma yetu saa moja, Kinshasa saa mbili. Anayetoka Kigali au Bujumbura kuja kuunganisha Nairobi aanze kurekebisha saa yake hapohapo, maana saa moja ya kusahau inatosha kuachwa na ndege. Muscat na Dubai wapo mbele yetu saa moja. Doha na Istanbul tuko sawa nao. Guangzhou wapo mbele saa tano.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani hubadilisha saa. New York iko nyuma ya Nairobi saa 8 wakati wa baridi, na saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. London iko nyuma saa 3 wakati wa baridi na saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tazama vizuri tarehe hizo: Marekani na Ulaya hawabadilishi siku moja. Kuna majuma machache Machi, na jingine kati ya Oktoba na Novemba, ambapo tofauti uliyoizoea kati ya London na New York haipo. Anayeunganisha London katika majuma hayo ahesabu upya.

Turudi kwenye tiketi yetu ya wakati wa baridi. Kufika ni 06:30 ya New York. Ongeza 8, ni 14:30 ya Nairobi. Kutoka 23:30 hadi 14:30 ni saa 15. Ya kurudi: kuondoka 12:30 ya New York ni 20:30 ya Nairobi. Kutoka hapo hadi 10:30 asubuhi ni saa 14. Basi. Hesabu imeisha, na haikuhitaji zaidi ya kuongeza nane.

Sasa igeuze kwa saa zetu, kwa ajili ya bibi asiyetumia saa ya tiketi. Kanuni ni sita: ongeza au toa sita, kisha utaje kipindi cha siku. 23:30 ni saa tano na nusu usiku. 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Ukimwambia bibi, "Utaondoka saa tano na nusu usiku, na sisi huku nyumbani tutakapokuwa tumemaliza kula chakula cha mchana, saa nane na nusu, ndipo utakuwa unatua, ila kule utakuta kunapambazuka," ameelewa safari yote.

Halafu kuna saa za baada ya usiku wa manane, ambazo zimewaacha watu wengi uwanjani wakilia. Tiketi ikiandikwa 15 Julai, 00:40, hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku, na kwa mazoea yetu ya kuhesabu, usiku huo bado ni wa tarehe 14. Begi linatakiwa kuwa limefungwa tarehe 14 mchana, na uwanjani unatakiwa uwe umefika jioni ya tarehe 14, saa tatu na nusu usiku au kabla yake. Anayekwenda jioni ya tarehe 15 atakuta ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita, na tiketi za aina nyingi hazirudishi fedha kwa sababu hiyo. Ukiona namba za kuondoka zinaanza na 00, 01 au 02, mpigie msafiri simu umwambie kwa mdomo: "Ni usiku wa kuamkia tarehe fulani." Usimtumie picha ya tiketi peke yake ukadhani umemaliza.

Alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika maana yake ni kesho yake, kwa kalenda ya kule unakofika. Anayekwenda kukupokea ndiye anayehitaji kuiona kuliko wewe.

Hatua ya 5: Kama unaunganisha ndege

Wengi hawapandi ndege moja. Chukua mtu wa Dar es Salaam anayekwenda New York. Mstari mfupi kwake ni kilomita 12,440 hivi. Akipitia Nairobi anaruka 12,505, kana kwamba hajakengeuka kabisa. Akipitia Amsterdam ni karibu 13,190. Akipitia Doha ni karibu 14,590, kwa sababu anaanza kwa kwenda mashariki ya anakotakiwa kwenda. Kati ya Nairobi na Doha kuna tofauti ya zaidi ya kilomita 2,000, ambazo angani ni kama saa mbili na nusu.

Hata hivyo usikimbilie kuhukumu kwa umbali. Saa zinazopotea kwa wingi hupotea kwenye kusubiri. Njia fupi yenye kusubiri saa 9 uwanjani inashindwa na njia ndefu yenye kusubiri saa 2. Kwa hiyo jumlisha vitu vitatu kwa kila njia unayopewa: saa za angani za ndege ya kwanza, saa za kusubiri, saa za angani za ndege ya pili. Za kusubiri ni rahisi, kwa kuwa zote ni za kiwanja kimoja: hapo ndipo panaporuhusiwa kutoa saa moja kwa nyingine bila kugeuza.

Kusubiri kufupi mno nako kuna hatari yake. Chini ya saa moja na nusu mimi simshauri mzee wala mwenye watoto, hata kama mfumo wa tiketi umeikubali. Kama ndege zote mbili zipo kwenye tiketi moja, ukiachwa kwa sababu ya kuchelewa kwa ndege ya kwanza, shirika linawajibika kukutafutia nyingine. Kama ulinunua tiketi mbili tofauti ili uokoe hela, mzigo wote ni wako.

Na kuhusu Marekani, jambo hili lishike. Hata kama New York ni kituo tu na mwisho wa safari ni mji mwingine wa Marekani, au hata Toronto, uhamiaji unapita pale unapotua kwanza. Unachukua begi lako, unapita forodha, unalikabidhi tena, unapita ukaguzi upya. Anayepita tu kwenda nchi nyingine naye anahitaji viza. Kwa hiyo kuunganisha ndege New York, usikubali chini ya saa 3.

Hatua ya 6: Hesabu kutoka mlango hadi mlango

Saa 15 za ndege si saa 15 za safari. Mtu anayetoka Nakuru kwenda kwa mwanawe Brooklyn ana safari ya aina nyingine kabisa. Tuihesabu kwa saa za nyumbani. Ndege ni saa tano na nusu usiku. Anatakiwa awe Jomo Kenyatta saa tatu kabla, yaani saa mbili na nusu usiku. Nakuru hadi uwanjani, pamoja na foleni za kuingia na kuvuka Nairobi jioni, mpe saa tano. Anaondoka nyumbani saa tisa na nusu alasiri. Ndege inatua saa nane na nusu mchana wa kesho yake kwa saa za Nakuru. Uhamiaji na kusubiri begi huweza kula saa moja na nusu. Gari hadi Brooklyn, saa moja. Anavua viatu nyumbani kwa mwanawe saa kumi na moja jioni, kwa saa ya mwili wake. Ni saa 25 na nusu tangu alipofunga mlango. Kule nje ni saa tatu asubuhi, na wajukuu wamejaa nguvu.

Namba hii ya saa 25 na nusu ndiyo ya kupangia mambo. Dawa za kila siku hufuata saa zilizopita, hazifuati saa ya ukutani: anayemeza kidonge kila baada ya saa 24 atakihitaji kimoja njiani, kwa hiyo zikae kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari. Mtumiaji wa insulini azungumze na daktari wake wiki kadhaa kabla, amwoneshe jedwali la saa alilotengeneza katika hatua ya nne, wapange dozi kwa pamoja. Maziwa na nepi za mtoto zihesabiwe kwa saa 25 na za akiba. Mzee ainuke atembee kwenye ujia wa ndege kila baada ya saa mbili hivi, maana kukaa saa 15 miguu ikining'inia huleta uvimbe na damu kuganda.

Miadi ya kazi au ya hospitali usiiweke siku ya kufika. Kwenda magharibi mwili huzoea kwa haraka zaidi. Kurudi mashariki ndiko kunakochosha, na kwa tofauti ya saa 7 au 8 mpe mtu karibu wiki nzima kabla hujamshangaa kwa nini anaamka saa tisa usiku.

Siku yenyewe ya safari

Ratiba ni ahadi ya miezi kadhaa iliyopita. Siku ya kuondoka, tafuta namba ya safari, si jina la mji, kwenye Flightradar24 au FlightAware. Utaona safari hiyo ilichukua muda gani katika siku zilizotangulia, dakika kwa dakika, na hapo utajua kama saa 15 za ratiba huwa 14 na nusu au 15 na robo. Ndege ikisharuka utaiona ikienda, pamoja na makadirio ya kutua yanayobadilika kufuatana na upepo.

Mpe anayekwenda kupokea vitu vinne kwa ujumbe mmoja: namba ya safari, jengo la abiria la kiwanja, tarehe ya kufika kwa kalenda ya kule, na saa ya kufika kwa saa ya kule. Kisha mwambie asitoke nyumbani kwa kufuata ratiba. Atoke ndege inapogusa ardhi, kama anakaa karibu, au ikiwa imebakiza saa moja kutua, kama anakaa mbali. Msafiri wake bado yupo kwenye foleni ya uhamiaji, na simu yake ya Safaricom au Vodacom huenda haishiki mtandao mpaka apate intaneti ya uwanjani. Kwa hiyo wakubaliane mapema watakutana mlango gani wa kutokea, na namba ya simu ya mwenyeji iandikwe kwenye karatasi iliyowekwa ndani ya pasipoti.